Kusahau kwa mzee si uchawi: Wajibu wa familia ya Kiislamu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyemtukuza mwanadamu kwa kumpa akili. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na kila anayefuata uongofu wao hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, katika Suratun Nahl, aya ya 70, Mwenyezi Mungu (S.W.) anatueleza hatua za maisha yetu: kwamba ametuumba, kisha atatufisha, na kwamba wapo miongoni mwetu watakaorudishwa kwenye umri ulio dhaifu kuliko wote, wawe hawajui kitu baada ya kuwa walikuwa wakijua. Maana hiyo imekaririwa katika Suratul Hajj, aya ya 5. Naye Mtume (S.A.W.), kama alivyopokea Imam Bukhari kutoka kwa Saad bin Abi Waqqas (R.A.), alikuwa akimuomba Mola wake kinga asirudishwe kwenye umri huo.

Hivyo basi, kusahau kunakompata mzee si jambo geni katika dini yetu. Kitabu kimelitaja zaidi ya miaka 1,400 iliyopita, wala hakikulitaja kuwa ni laana, wala aibu, wala alama ya uchawi. Kimelitaja kuwa ni hali inayompata kiumbe kwa kadari ya Muumba wake.

Nimeona nilizungumze jambo hili kwa sababu katika uwanda wetu wa Ufipa, baina ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, mzee anayesahau yumo katika hatari ambayo haitokani na maradhi yake peke yake. Hatari kubwa zaidi hutoka kwa majirani zake na, inasikitisha kusema, wakati mwingine hutoka kwa watoto wake wa kuwazaa.

Dalili zinazosomwa vibaya

Wazee wa hapa husimulia kwamba jina la Sumbawanga lina maana ya kutupa uchawi. Yaani kila aingiaye mjini aache uchawi wake nje. Walioweka jina hilo walikusudia amani. Lakini leo, mtu wa Dar es Salaam au Tanga akisikia jina la mji wetu huanza kufanya mzaha wa uchawi, na sisi wenyewe tumeuzoea mzaha huo kiasi cha kutoona kwamba upo upande wake unaoua.

Tutazame dalili za ugonjwa wa kusahau, ambao hospitalini huitwa dimenshia. Mgonjwa hupotewa na saa. Huamka usiku wa manane akidhani kumekucha, akatoka nje. Hupotea njia ya nyumbani kwake aliyoipita kwa miaka 40, akakutwa alfajiri katika ua wa jirani. Husahau kuvaa, au huvua nguo mbele za watu bila kuona haya. Huzungumza na mume au dada aliyefariki siku nyingi kana kwamba wamekaa naye chumbani. Wengine huona watu au wanyama wasiokuwepo. Huficha fedha zake mahali, akasahau, kisha akamtuhumu mkwewe kuwa ameziiba. Aliyekuwa mpole huwa mkali, na aliyekuwa mcheshi hunyamaza.

Sasa msomaji ajiulize: bibi wa miaka 75 akikutwa saa 9 usiku, yu mtupu, katika ua wa jirani, akinong'ona na marehemu, jirani huyo atasema nini asubuhi? Na kama juma hilo hilo mtoto wa jirani amefariki kwa malaria, kijiji kitasema nini? Tuongeze na macho yake mekundu, ambayo wekundu wake ni moshi wa kuni alizopikia tangu akiwa binti. Kila dalili ambayo daktari angeiandika katika karatasi yake kuwa ni ya ugonjwa wa ubongo, kijiji kimekwisha kuiandika katika hukumu yake kuwa ni ushahidi wa uchawi.

Haya si maneno ya kutisha watu. Taarifa ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu ilieleza kwamba katika miaka 5 iliyoishia mwaka 2009, wanawake wazee 2,585 waliuawa katika mikoa 8 ya Tanzania. Mwanza ilikuwa na vifo 698, Shinyanga 522, na mkoa wetu wa Rukwa, ambao wakati huo ulikuwa bado haujagawanywa kuzaa mkoa wa Katavi, ulikuwa na vifo 103. Hatuwezi kudai kwamba wote hao walikuwa wagonjwa wa kusahau. Yapo mauaji yenye chanzo chake katika mashamba, urithi na chuki. Lakini mzee aliyepoteza kumbukumbu ndiye aliye rahisi kuliko wote kutuhumiwa, kwa kuwa hawezi kujitetea. Akiulizwa usiku ule alikuwa wapi, hakumbuki. Na akiulizwa kwa ukali, huenda akakubali lolote analoambiwa.

Je, uchawi haupo?

Atasimama mtu aniulize: Sheikh, kwani wewe unakanusha kuwepo kwa uchawi, na hali Qurani imeutaja katika Suratul Baqara, aya ya 102? Jawabu ni kwamba Muislamu hakanushi alichokithibitisha Mola wake. Lakini kuwepo kwa uchawi duniani ni jambo moja, na kumthibitishia bibi fulani, binti wa fulani, kuwa ni mchawi ni jambo jingine kabisa. Wizi nao upo. Hata hivyo hakuna kadhi anayemhukumu mtu wizi kwa sababu amepita karibu na duka.

Sharia yetu inataka ushahidi. Suratul Hujurat, aya ya 12, inatuamrisha tujiepushe na dhana nyingi, kwa kuwa baadhi ya dhana ni dhambi. Suratul Ahzab, aya ya 58, inawaonya wanaowaudhi waumini wanaume na waumini wanawake kwa jambo wasilolitenda, kwamba wamebeba uzushi na dhambi iliyo wazi. Ushahidi wa kupiga ramli si ushahidi. Imam Muslim amepokea kwamba anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, sala zake za siku 40 hazikubaliwi.

Huku Ufipa tumekuwa na historia ndefu ya watu wanaozunguka vijijini wakijinadi kuwa wanaweza kuwafichua wachawi. Katika miaka ya 1960 mtafiti wa Kiingereza, Roy Willis, aliandika habari za kundi la Kamchape lililopita katika vijiji vya Ufipa kwa kazi hiyo. Majina ya watu hawa hubadilika kila baada ya muda, lakini kazi yao ni ile ile: huja, hula fedha za kijiji, humtaja mtu, kisha huondoka na kuacha ndugu wakiuana. Na iwapo miongoni mwetu sisi tunaoitwa masheikh na walimu yupo anayefungua kitabu akamtajia mtu jina la aliyemroga, basi huyo naye ni mpiga ramli, hata akivaa kanzu na kilemba.

Kisomo cha Qurani kwa mgonjwa ni Sunna, nasi hatukizuii. Lakini Mtume (S.A.W.) aliyesoma ndiye aliyeamrisha kutafuta tiba. Katika hadithi ya Usama bin Shariki (R.A.), waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, mabedui walimuuliza kama wajitibu, akawaamrisha wajitibu, akieleza kwamba Mwenyezi Mungu hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa moja tu, nayo ni uzee. Tuitazame hadithi hii kwa makini: uzee hauna dawa, lakini si kila kinachompata mzee ni uzee.

Ugonjwa wenyewe ni upi?

Ubongo ni kiungo kama moyo na ini. Huchoka, hupungua na huugua. Mwaka 1906 daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer, alieleza mbele ya madaktari wenzake habari za mwanamke aliyepoteza kumbukumbu na kuingiwa na wasiwasi mkubwa. Baada ya mgonjwa huyo kufariki, daktari aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini na kukuta umesinyaa na kujaa uchafu usiokuwa wa kawaida. Ugonjwa huo ukapewa jina lake, na ndio chanzo cha zaidi ya nusu ya wagonjwa wa kusahau duniani. Chanzo kingine kikubwa ni mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, ama kwa kiharusi kikubwa kinachoonekana, ama kwa viharusi vidogo vidogo ambavyo hata mwenyewe havitambui.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 waliishi na ugonjwa huu, na zaidi ya 60 katika kila 100 miongoni mwao wapo katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo wanaosema haya ni maradhi ya Wazungu wamekosea. Hapa kwetu Tanzania, watafiti waliokwenda katika vijiji vya wilaya ya Hai, Kilimanjaro, katika miaka ya 2009 na 2010, waliwapima wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, wakakadiria kuwa takriban 6 katika kila 100 wana ugonjwa huu. Vijiji vya Hai ni vya wakulima kama sisi. Hatuna sababu ya kudhani kwamba bibi wa Namanyere, Matai au Laela ameumbwa kwa ubongo mwingine.

Ni vyema pia tutenganishe kusahau kwa kawaida na kusahau kwa maradhi. Mzee anayesahau alipoweka ufunguo ni kama sisi sote. Mzee anayeushika ufunguo asijue ni kitu gani, huyo anahitaji daktari. Anayesahau jina la mgeni hana neno. Anayesahau jina la mwanawe wa kwanza, au aliyesali Adhuhuri mara 3 na bado anauliza kama ameshasali, amekwisha kuingia katika maradhi.

Wanavyuoni wa hadithi na wazee wao

Watu wa kwanza katika umma wetu kulitazama jambo hili kwa jicho la elimu ni wanavyuoni wa hadithi. Kwao kumbukumbu ilikuwa ndiyo amana yenyewe. Waligundua kwamba wapokezi wakubwa, wacha Mungu na wakweli, waliharibikiwa na kumbukumbu mwishoni mwa umri wao. Hali hiyo wakaiita ikhtilati, yaani kuchanganyikiwa. Ibn Salah, aliyefariki mwaka 643 Hijria (1245), ameitengea mlango mzima katika kitabu chake cha elimu ya hadithi.

Walifanya nini na wapokezi hao? Hawakuwatukana, wala hawakusema wamelaaniwa. Waliuliza swali moja la kitaalamu: hali hiyo ilianza lini? Kwa mfano Ataa bin Saib wa Kufa, hadithi zilizopokewa kwake na wanafunzi wake wa mwanzo, kama Sufyan Thauri na Shuuba, zilikubaliwa, na zilizopokewa baada ya kuchanganyikiwa ziliwekwa kando. Heshima yake ikabaki. Kosa lililoletwa na maradhi halikufuta wema wa maisha yake yote.

Mfano ulio mzuri zaidi ni wa Jarir bin Hazim wa Basra, aliyefariki mwaka 170 Hijria. Abdurrahman bin Mahdi anaeleza kwamba Jarir alipochanganyikiwa, watoto wake, nao wakiwa watu wa hadithi, waliitambua hali hiyo mapema wakamsitiri, hata hakuna aliyesikia kwake hadithi yoyote katika hali yake ya kuchanganyikiwa.

Hapa pana funzo kubwa kwa familia zetu. Watoto wa Jarir walijua, kwa kuwa walikuwa karibu na baba yao. Nao walimsitiri ili kulinda heshima yake na dini ya watu. Sisi tuna kuficha kwa namna nyingine: mzee anafungiwa katika chumba cha nyuma, mlango umekomewa kwa nje, wageni wakija wanaambiwa amelala. Kule ni kumsitiri mzazi. Huku ni kujisitiri sisi kwa kumdhulumu mzazi. Na kila anayefichwa hivyo, ndivyo anavyozidi kuzungumzwa mtaani, na ndivyo akili yake inavyozidi kudhoofika kwa upweke.

Hukumu ya ibada na mali

Imam Ghazali na wanavyuoni wengine wameeleza kwamba Sharia imekuja kulinda mambo 5: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Akili imo. Ikiondoka, taklifu nayo huondoka. Hadithi mashuhuri inaeleza kuwa kalamu imeondolewa kwa watatu: aliyelala hadi aamke, mtoto hadi abaleghe, na aliyepotewa na akili hadi zimrudie. Abu Daud ameashiria mapokezi yanayomuongeza mzee aliyepotewa na akili kwa sababu ya uzee.

Kwa hiyo mzee ambaye hajui tena sala ni kitu gani, halazimiki kusali wala kulipa. Akipata nafuu ndani ya wakati, atasali kwa kadiri anavyokumbuka. Fidya ya Ramadhani ni ya mzee mwenye akili timamu ambaye mwili wake hauwezi kufunga. Ama ambaye akili zake zimekwisha kuondoka, kwa kauli ya wanavyuoni wengi hadaiwi saumu wala fidya. Basi tusiwagombeze wazazi wetu kwa kula mchana wa Ramadhani, ilhali Mola wao hawaandikii dhambi.

Katika mali ndipo penye mtihani. Wapo watoto ambao, wakiona baba amesahau, humshika kidole gumba na kukibandika kwenye karatasi ya kuuza shamba. Uuzaji wa asiye na akili hausihi, na wasia wake kadhalika. Suratul Baqara, aya ya 282, imeelekeza kwamba mdaiwa akiwa mpungufu wa akili au dhaifu, asiyeweza kuandikisha mwenyewe, msimamizi wake ndiye aandikishe, tena kwa uadilifu. Familia ikutane mapema, mzee angali na fahamu, iandike mali yake, madeni yake na wasia wake mbele ya mashahidi. Hilo litazuia dhulma, na litazuia pia ugomvi wa urithi ambao mara nyingi ndio unaovaa nguo ya uchawi.

Twende hospitali kwanza

Nasema si kila kinachompata mzee ni uzee kwa sababu zipo hali zinazofanana na ugonjwa wa kusahau, nazo zinatibika. Mzee aliyekuwa mzima juzi, leo akachanganyikiwa ghafla, mara nyingi ana malaria, homa ya mapafu, maambukizi ya njia ya mkojo, sukari iliyoshuka au kiharusi. Huyo ni mgonjwa wa dharura. Apelekwe siku hiyo hiyo. Anayesahau polepole kwa miezi, naye apimwe, kwani huenda ni upungufu wa damu na vitamini B12, inayopatikana katika nyama, samaki, mayai na maziwa. Huenda ni tezi ya shingo iliyolegea, ambayo moja ya sababu zake ni ukosefu wa madini joto. Huenda ni kaswende ya zamani au virusi vya UKIMWI. Huenda ni damu iliyovilia ndani ya fuvu baada ya kuanguka. Na huenda ni sonona ya mjane aliyebaki peke yake.

Lipo jambo jingine wasilolijua wengi. Nyanda za Juu Kusini, ambako ufugaji wa nguruwe wa kuachiwa huru ni wa kawaida, zina tatizo la minyoo ya tegu. Mayai ya minyoo hiyo hutoka katika kinyesi cha mtu aliyeambukizwa kwa kula nyama ya nguruwe isiyoiva, huingia katika maji na mboga, na akiyameza mtu mwingine huweza kufika hadi ubongoni na kuleta kifafa na kuvuruga akili. Muislamu anaweza kuishi maisha yake yote bila kuonja nguruwe na bado akapatwa. Kinga yake ni choo, kunawa mikono, kuosha mboga na kuchemsha maji, yaani ile tohara tunayoisoma katika mlango wa kwanza wa vitabu vya fiqhi.

Tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, nchi yetu inamhesabu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea kuwa ni mzee anayestahili kutangulizwa katika huduma. Aanzie kituo cha afya kilicho karibu, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyopo mjini Sumbawanga, na ikihitajika apelekwe Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Aende pamoja na mtu anayeishi naye, kwa kuwa yeye hawezi kueleza habari zake. Ni kweli kwamba ugonjwa wa Alzheimer bado hauna dawa ya kuuponya. Lakini kujua jina la ugonjwa ni tiba kwa familia nzima. Siku daktari atakapokwambia kwamba mama yako anaumwa ubongo, ndiyo siku utakayoacha kumtafuta mchawi.

Kinga huanza ujanani

Mwaka 2024 jopo la wataalamu waliokusanywa na jarida la tiba la Lancet lilieleza kwamba karibu 45 katika kila 100 ya wagonjwa wa kusahau wangeweza kuepushwa au kucheleweshwa, kama ulimwengu ungeyadhibiti mambo 14. Miongoni mwake ni shinikizo la damu, kisukari, mafuta mabaya katika damu, unene, kukaa bila kushughulisha mwili, sigara, ulevi, majeraha ya kichwa, sonona, upweke, uziwi usiotibiwa, upofu usiotibiwa, moshi na hewa chafu, na kukosa elimu utotoni.

Ukiyatazama kwa jicho la Muislamu, mengi yamo katika mafundisho tuliyopewa. Pombe imeharamishwa katika Suratul Maida, aya ya 90, iwe ya ulezi au ya chupa, na gongo ni sumu juu ya haramu. Kiasi katika chakula tumefundishwa na Mtume (S.A.W.) kwa kuligawa tumbo mafungu matatu. Kwenda msikitini kwa miguu mara 5 kwa siku ni zoezi la mwili, na kukutana na wenzako katika jamaa ni dawa ya upweke. Kuhifadhi sura mpya katika uzee ni kazi nzuri kwa akili. Sisemi kwamba anayesali hapatwi na maradhi haya. Wapokezi wa hadithi walisali na walipatwa. Ninachosema ni kwamba tumepewa njia, nasi tunaziacha.

Yapo pia ya kufanya kwa mikono yetu. Shinikizo la damu halina dalili za wazi; kila aliyefikisha miaka 40 apimwe, na aliyepewa dawa asiziache kwa kuwa amejisikia nafuu. Utafiti uliofanywa Tanzania kati ya miaka ya 2003 na 2006 ulionyesha kuwa kiharusi jijini Dar es Salaam kiliwapata zaidi ya watu 300 katika kila 100,000 kwa mwaka, kiwango cha juu sana duniani, na shinikizo la damu ndilo lililo mbele katika vyanzo vyake. Tupunguze chumvi. Kijana wa pikipiki avae kofia ngumu. Mzee mwenye mtoto wa jicho afanyiwe upasuaji, kwani asiyeona na asiyesikia huacha kuzungumza na watu, na akili isiyozungumza hulala. Jiko litolewe moshi, hasa huku kwetu, mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako baridi hutufanya tufunge milango na kukaa na moshi ndani. Na binti asitolewe shule kwa ajili ya ndoa, kwa sababu elimu anayoipata leo ni akiba ya ubongo wake atakapokuwa bibi.

Mzigo usimwangukie mmoja

Suratul Israa, aya ya 23 na ya 24, inakataza kumwambia mzazi aliyezeeka hata neno dogo la kuonyesha kuchoshwa naye. Amri hiyo imekuja kwa sababu Mwenyezi Mungu (S.W.) anajua kwamba tutachoka. Anayeuguza mzee wa namna hii huulizwa swali moja mara 20 kwa siku, hutuhumiwa wizi na huamshwa usiku. Katika nyumba zetu nyingi mzigo huo huachiwa binti mmoja au mke wa mtoto, ilhali watoto wa kiume hutuma salamu kwa simu kutoka mjini. Hii si haki. Amri ya kuwatendea wema wazazi imewaelekea watoto wote. Asiye na nafasi ya kukaa na mzazi, atoe fedha. Asiye na fedha, aje akeshe, mwenzake apumzike.

Mzee asibishiwe. Akisema anamsubiri mama yake aliyekufa, aulizwe habari za mama huyo, naye atatulia. Ratiba yake iwe ile ile kila siku. Usiku mlango uwe na kengele au mtu alale karibu. Majirani waelezwe wazi: mama anaumwa, akitokea kwenu mrudisheni. Maneno hayo machache kwa majirani yanaweza kuokoa uhai wake. Katika wilaya ya Hai wamejaribu pia kuwakusanya wagonjwa hawa katika vikundi vya kuzungumza, kuimba na kukumbuka mambo ya zamani, na ikaonekana kuwasaidia.

Kwa misikiti yetu napendekeza mambo matatu. La kwanza, kamati ya kila msikiti imuombe muuguzi aje mara moja kwa mwezi, baada ya sala ya Ijumaa, awapime watu shinikizo la damu, wanaume na wanawake. La pili, maimamu wote wa mkoa watenge hotuba moja kwa mwaka kulieleza jambo hili, na wasione haya kulitaja neno uchawi. La tatu, kukisikika mzee ametuhumiwa, awe Muislamu au Mkristo, imamu na wazee wa msikiti wafike nyumbani kwake siku hiyo hiyo, wakae hapo waonekane, na wawaite viongozi wa kijiji na polisi. Wengi wa jirani zetu huku Ufipa ni Wakristo, na uhai wa bibi yao ni amana kama uhai wa bibi yetu.

Mwenyezi Mungu (S.W.) atulindie akili zetu, awape subira wanaowauguza wazazi wao, awahifadhi wazee wetu na dhulma za ndimi na mapanga, na atujaalie mwisho mwema. Amin.

Wabillahi Tawfiq.